Kutunza nyumba ya mawe ya Glasgow: paa kwanza, rangi mwisho

Nilipopata funguo za fleti yangu ya Dennistoun, mashariki ya Glasgow, kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kupaka rangi ukuta wa sebule. Ukapendeza. Baada ya baridi mbili rangi ikafura malengelenge kando ya dirisha, ikapasuka, na ukuta ukawa unatoka unga mweupe kama wa muhogo. Nikakwangua, nikapaka tena. Mara ya tatu ndipo nilipotoka nje, nikavuka barabara na kutazama juu wakati mvua inanyesha. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba, kimche cha mti kimeota ndani yake, na maji ya upande ule wote wa paa yalikuwa yakiteremkia ukutani, ghorofa mbili nzima, hadi kwenye dirisha langu.

Mwongozo huu ni wa mwenye fleti, au anayefikiria kununua, katika nyumba zile za mawe ambazo Glasgow huziita tenementi: ghorofa nne kwa kawaida, ngazi moja ya pamoja, fleti sita, nane au zaidi, kuta nene za karibu sentimita 60, na paa la vipande vya jiwe viitwavyo sleti. Nyingi zilijengwa nusu ya pili ya karne ya 19, enzi ya Malkia Victoria, na katika miaka michache iliyofuata kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Anayekaa katika nyumba za namna hii miji mingine ya Uingereza atafaidika pia, ila sheria ninazozitaja ni za Scotland.

Kidogo kuhusu mji, kwa sababu historia yake inaeleza kwa nini majirani wana nafasi kubwa katika habari hii. Mwaka 1945 mhandisi wa jiji, Robert Bruce, alitoa ripoti iliyopendekeza kuvunja sehemu kubwa ya katikati ya Glasgow, pamoja na stesheni ya Central na jumba la halmashauri, City Chambers. Hayo mawili yalinusurika. Lakini kuanzia miaka ya 1950 mitaa mizima ya Anderston na Gorbals ilibomolewa, na barabara kuu ya M8 ikapasuliwa katikati ya Charing Cross. Januari 1968 kimbunga kikang'oa mapaa na kuangusha mabomba ya moshi, kila mtu akaona zilizobaki zimechakaa kiasi gani. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mtaa wa Taransay huko Govan, wasanifu vijana wa kikundi cha ASSIST, kilichoanzia Strathclyde University, walifungua ofisi mtaani, wakakaa na wakazi, na wakatia vyoo na bafu ndani ya fleti bila kubomoa nyumba. Vyama vya nyumba vya mitaa mingine vikaiga. Tenementi nyingi unazoziona leo zimesimama kwa sababu watu wa ngazi moja walikubali kukaa kikao.

Hatua ya 1: Ijue nyumba yako

Anza na rangi ya jiwe. Jiwe la Glasgow ni jiwe la mchanga, na lina rangi mbili kubwa. La manjano ya kufifia ndilo la zamani zaidi, lilichimbwa ndani na kando ya jiji, sehemu kama Giffnock na Bishopbriggs. Jekundu lilikuja kwa wingi kuanzia karibu 1890 kwa reli, kutoka Locharbriggs karibu na Dumfries na kutoka machimbo ya Ayrshire. Tofauti hii itakugusa mfukoni: machimbo ya Locharbriggs bado yanatoa jiwe, lakini yale ya manjano ya Glasgow yamefungwa siku nyingi, kwa hiyo ukitaka kubadilisha jiwe la manjano lazima utafutiwe ndugu yake kwingine.

Kisha tazama mbele na nyuma ya nyumba. Mbele mawe yamechongwa sawasawa na kiungo kati ya jiwe na jiwe ni chembamba, milimita chache tu. Nyuma, upande wa ua, ni mawe ya kuokoteza yenye viungo vinene. Ni kuta mbili tofauti na hazitengenezwi kwa namna moja. Fundi akikupa bei moja kwa mita ya mraba, mbele na nyuma, muulize kwa nini.

Mwisho, angalia hadhi yake kisheria. Historic Environment Scotland, shirika la umma la kulinda mambo ya kale, huorodhesha majengo kwa daraja A, B na C, na orodha yao unaweza kuitafuta bure kwenye intaneti. Jengo likiorodheshwa, ulinzi unahusu nje na ndani pia, hata kama maelezo kwenye orodha hayataji dari yako wala mlango wako. Kulibadilisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Kama halimo kwenye orodha, huenda limo ndani ya eneo la hifadhi, yaani mtaa unaolindwa kwa sababu ya majengo yake. Glasgow ina maeneo hayo zaidi ya 20, na humo kubadilisha madirisha ya mbele au kusafisha jiwe kunahitaji ruhusa. Piga simu halmashauri kabla hujalipa arubuni. Kutengeneza kitu kwa mfano uleule na kwa vifaa vilevile mara nyingi hakuhitaji kibali, na hiyo ni sababu nyingine ya kutengeneza badala ya kubadilisha.

Hatua ya 2: Toka nje mvua ikinyesha

Mkaguzi huja siku ya jua, akaandika kurasa 30. Wewe toka siku ya mvua kubwa na mwavuli, simama upande wa pili wa barabara, tazama kwa dakika kumi. Utaona mfereji unapofurika. Utaona bomba la kuteremsha maji lililopasuka kwa nyuma, pale panapogusa ukuta, mahali pasipopakwa rangi tangu lilipofungwa. Mvua ikikatika rudi tena: ukuta mzima hukauka kwa mpigo mmoja, na sehemu mbovu hubaki na weusi wa maji kwa saa kadhaa. Piga picha. Picha hizo utazihitaji kikaoni.

Tafuta rangi ya kijani pia. Mwani ukutani, wima kama utepe, maana yake maji yanapita hapo kila mvua. Ukiona nyasi juu ya bomba la moshi, mizizi imeshaingia kwenye viungo.

Kusafisha mifereji ni mara mbili kwa mwaka, majani yakishamaliza kuanguka na mara moja tena majira ya machipuko. Ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote zilizomo humu, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Hatua ya 3: Paa

Sleti ni vipande vyembamba vya jiwe jeusi linalopasuka kwa tabaka. Nyingi za Glasgow zilitoka magharibi ya Scotland, hasa Ballachulish, ambako machimbo yalifungwa 1955. Ni nene na nzito, tena hazilingani: kubwa hupangwa chini karibu na mfereji, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyokuwa ndogo, hadi kileleni zinakuwa kama kiganja. Ukiiona paa iliyopangwa hivyo usimruhusu mtu akuletee vigae vya zege. Paa na mteremko wake havikuhesabiwa kwa ajili ya vigae hivyo.

Mara nyingi sleti yenyewe ni nzima, kilichokufa ni msumari. Kwa kawaida sleti ya Scotland hushikwa na msumari mmoja juu, kwenye mbao zilizotandazwa paa zima, kwa hiyo fundi anayejua kazi anaweza kuizungusha pembeni, akatengeneza iliyo chini yake, akairudisha. Msumari ukiliwa na kutu sleti huteleza. Fundi wetu alizikusanya zilizoteleza akazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Nzima hulia kama sahani ya udongo. Iliyopasuka ndani hutoa sauti ya ubao. Katika kila kumi aliweka pembeni saba au nane za kurudishwa, na hizo hazinunuliki tena mpya popote. Kwa hiyo ikija siku ya kufumua paa, andika kwenye mkataba kwamba sleti nzima ni mali ya wenye nyumba na zitarudi juu, upande wa mbele kwanza.

Angalia na risasi, ile metali laini, iliyotandikwa kwenye mabonde ya paa na kuzunguka mabomba ya moshi; wezi wanaijua thamani yake. Mabomba ya moshi yasiyotumika yafunikwe kwa kofia inayopitisha hewa. Ukiyaziba kabisa unyevu hukaa ndani, na utauona kwenye ukuta wa chumba cha kulala, mahali ambapo hata bomba la maji halipiti.

Hatua ya 4: Majirani, kikao na pesa

"Paa si langu," aliniambia jirani wa chini. Ni kauli utakayoisikia. Tena hakuwa mbali na ukweli wa kimilki: kama hati haisemi vingine, paa ni la mwenye fleti ya juu. Lakini kulitunza ni jukumu la wote. Sheria ya tenementi ya Scotland ya 2004 inasema hivyo, na inafaa uisome kabla ya kugonga mlango wa mtu.

Kwanza tafuta hati za umiliki, uone zinasemaje juu ya gharama. Zikinyamaza au zikipingana, kanuni za sheria hiyo zinaingia mahali pake. Kila fleti ina kura moja, na matengenezo huamuliwa kwa wingi wa kura. Taarifa ya kikao itoke angalau saa 48 kabla. Gharama hugawanywa sawa kwa sawa, isipokuwa fleti kubwa kuliko zote inapozidi mara moja na nusu ya ile ndogo. Hapo hugawanywa kwa ukubwa wa eneo. Uamuzi ukishapita unamfunga hata aliyepinga, na hata atakayenunua kesho. Kwa dharura, mfano maji yanaingia sasa hivi, mwenye fleti yeyote anaweza kuita fundi peke yake kisha akadai michango.

Mmoja akikataa kulipa, au akiwa hapatikani, halmashauri ina uwezo wa kulipia fungu lake kisha kumdai yeye. Ina uwezo, haina lazima, kwa hiyo ulizeni mapema.

Jinsi ya kuendesha kikao: usianze na bei. Anza na picha za mvua. Sisi tulikutana kwenye ngazi, watu sita, mmoja na mtoto mgongoni, nikaonyesha simu yangu picha ya maji yakimwagika juu ya dirisha la ghorofa ya pili na ya bomba lililopasuka nyuma ya jikoni ya yuleyule jirani wa chini. Akaitazama kwa muda. Akauliza ngazi ya fundi ni pauni ngapi kwa siku.

Hapo kuna hesabu inayowapita wengi: jukwaa la mafundi ndilo linalokula pesa. Likishafungwa, fanyeni yote yanayofikika kutoka juu yake, yaani mfereji, sleti, bomba la moshi, viungo vya ukuta wa juu, rangi ya madirisha ya nje. Kulifunga mara tatu kwa kazi tatu ni kulipa nyumba ya pili.

Uliza na ruzuku. Glasgow City Heritage Trust, iliyoundwa 2007, hutoa ruzuku na ushauri kwa majengo ya kihistoria, kwa masharti ya vifaa vya asili na mafundi wanaovijua. Ruzuku haiji haraka, na kazi ikishaanza kabla ya kukubaliwa umeipoteza. Kuna jambo moja linaniuma hapa: Uingereza, kutengeneza nyumba ya zamani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na kujenga mpya hutozwa sifuri. Mtu akikuambia kubomoa ni rahisi kuliko kutengeneza, sehemu ya urahisi huo imeandikwa na serikali.

Hatua ya 5: Jiwe linataka chokaa

Hapa nitakaa.

Kabla sijanunua, kampuni moja ya ukarabati ilipewa kazi ya kujaza viungo vya ukuta wetu wa nyuma. Ikajaza simenti. Miaka kadhaa baadaye ukitazama ukuta ule kwa ubavu unaona kitu cha ajabu: viungo vimesimama nje kama mishipa ya mkono wa mzee, na mawe yenyewe yamerudi ndani, yanamomonyoka. Ukipitisha kidole jiwe linatoka unga. Nikampigia ami yangu Unguja, ambaye ameujenga na kuutomea Mji Mkongwe maisha yake yote.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Baridi vipi huko?"

"Baridi ipo. Ami, jiwe letu linameguka kama biskuti, lakini viungo vizima, vigumu kama chuma."

"Vimetiwa nini?"

"Simenti."

Akacheka. "Basi simenti itabaki, jiwe litakwenda."

Sababu yake ni hii. Jiwe la mchanga hunywa maji ya mvua na lazima liyatoe. Kiungo cha chokaa ni laini na chenye vitundu vingi kuliko jiwe, kwa hiyo unyevu hutoka kupitia kiungo, chumvi huganda kwenye kiungo, na kinachochakaa ni kiungo. Kila baada ya miongo kadhaa unakichokoa, unatia kingine, jiwe liko palepale. Ukiziba kwa simenti, njia imefungwa. Maji yanatafuta kutokea kwenye uso wa jiwe, chumvi inaganda mle, baridi ya Januari inayageuza barafu, barafu inatanuka, na jiwe linapukutika kutoka kwenye kingo kuelekea katikati.

Kuta za Mji Mkongwe ni za matumbawe na chokaa na zina maradhi haya haya zikipigwa lipu ya simenti, ingawa kule hakuna barafu. Zanzibar hupata mvua nyingi kwa mwaka kuliko Glasgow, lakini kule hunyesha masika na vuli kisha jua likaukausha ukuta. Hapa ni manyunyu ya siku 20 na wingu la siku nyingine 20. Ukuta hauna nafasi ya kukauka, kwa hiyo kila tundu lililozibwa lina gharama.

Kazi yenyewe, kwa ukuta wa nyuma wa mawe ya kuokoteza:

Chokoa kiungo kibovu kwa tindo na nyundo, kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 25. Grainda iwe mbali. Ikiteleza mara moja imeshachora jiwe milele. Kama simenti ya zamani imeng'ang'ania kiasi kwamba kuitoa kunavunja kingo za jiwe, iache mpaka ilegee yenyewe. Si kila kosa linafaa kusahihishwa leo.

Ondoa vumbi, nyunyizia maji hadi kiungo kiwe na unyevu bila kutiririka. Kiungo kikavu hunyonya maji ya chokaa kabla haijashika.

Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa ya haidroliki, ile inayoshika kwa maji, sehemu 1 kwa mchanga mkali, wenye chembe za ukubwa tofauti, sehemu 2.5. Mchanga laini wa lipu haufai. Nguvu ya chokaa ichaguliwe kwa jiwe: jiwe linaloanza kulegea litake chokaa dhaifu zaidi. Fundi atakayekuambia anaongeza simenti kidogo "ishike haraka" ameshakupa jibu la kama umwajiri.

Sindilia kwa tabaka, na palipo na pengo pana pachika vijiwe vidogo. Watu wa pwani tunakuita kutomea, na hapa wanafanya vilevile. Kikianza kukaza, kigongegonge kwa brashi ngumu ili uso uwe na chembe na vitundu. Ukikilainisha kwa mwiko ukaking'arisha umekiziba kwa utomvu wake mwenyewe.

Kisha magunia yaliyoloweshwa yaning'inizwe mbele ya ukuta kwa siku kadhaa, upepo usiikaushe kabla ya wakati. Hakuna kazi ya chokaa joto likiwa chini ya nyuzi 5, wala usiku wa baridi kali unapotarajiwa. Kwa Glasgow hiyo ni kusema Aprili hadi Septemba. Mwenye kukuahidi kumaliza Desemba anakuahidi simenti.

Ukuta wa mbele, wenye viungo vya milimita chache, muachie mchongaji wa mawe. Jiwe lililooza hasa hukatwa likatiwa jiwe jingine zima. Viraka vya simenti yenye rangi, vilivyopendwa sana miaka ya nyuma, vinazeeka vibaya na vikibanduka huanguka njiani penye watu. Kipande kidogo cha jiwe lako kinaweza kupelekwa British Geological Survey, Edinburgh, ambako wanakitazama kwa hadubini na kusema jiwe gani linalochimbwa leo linafanana nalo, kwa rangi na kwa namna linavyopitisha maji. Jiwe jipya lilazwe kama tabaka zake zilivyolala ardhini. Likisimamishwa wima hubanduka kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Kuhusu weusi wa moshi wa makaa: miaka ya 1970 na 1980 jiji lilikuwa na shauku ya kusafisha, kwa mchanga wa kupuliza na kwa asidi. Nyumba zikang'aa, na nyingi zikapoteza ngozi ya jiwe na michoro iliyochongwa juu ya milango. Weusi peke yake hauli jiwe haraka kiasi hicho. Mimi ningeuacha. Na kemikali za kupaka ili jiwe "lisinywe maji" ni simenti ya aina nyingine.

Hatua ya 6: Unyevu wa ndani

Ukishatengeneza nje, ngoja. Ukuta wa sentimita 60 hukauka kwa miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Usipige plasta ya jasi wala rangi ya plastiki wakati huo. Fungua madirisha, washa moto wa wastani.

Kinachotisha katika nyumba hizi ni kuvu la mbao, Serpula lacrymans. Neno la pili la Kilatini lina maana ya kulia machozi, kwa sababu likiwa hai hutoa matone ya maji juu ya utando wake. Dalili: harufu ya uyoga kwenye kabati lisilofunguliwa, unga wa rangi ya kutu juu ya rafu, ubao wa chini ya dirisha uliopasuka vipande vya mraba kama chokoleti. Chomeka bisibisi: ikizama bila nguvu, umelipata. Huanza pale ubao unapokuwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, na ncha za boriti zilizozama ukutani chini ya mfereji mbovu ndizo mahali pake. Makampuni ya dawa yatataka kunyunyizia kila kitu. Muulize anayekuja maji yanatoka wapi. Akianza kueleza dawa kabla ya maji, mshukuru, mfungulie mlango atoke.

Ukifungua sakafu utakuta majivu na takataka za makaa kati ya boriti. Usiyatupe. Yaliwekwa makusudi kuzuia sauti, na ukiyaondoa utasikia jirani akipiga chafya.

Hatua ya 7: Madirisha

Dirisha la asili lina fremu mbili zinazopanda na kushuka kwa kamba na vizito vya chuma vilivyofichwa pembeni. Mbao zake ni za msonobari uliokua polepole, na nyingi zimeishi miaka 120. Dirisha la plastiki likiharibika mara nyingi hutupwa zima.

Lisiloinuka mara nyingi limegandishwa na rangi tu. Pitisha kisu kwenye mshono, badilisha kamba, sugua mshumaa kwenye njia yake. Puti iliyopasuka itolewe, ubao uliooza chini ukatwe na kuungwa mwingine, na ukanda wa kuzuia upepo utiwe kwenye fremu. Kazi ya siku moja kwa dirisha moja, kwa seremala mzoefu.

Baridi nayo? Tazama mbao za pembeni, ndani, zilizopigwa rangi kama sehemu ya ukuta. Huenda ni vibao vya kufunga dirisha kwa ndani vilivyopigiliwa misumari miaka mingi. Vyangu nilivifungua kwa patasi na subira ya Jumamosi mbili. Glasgow Caledonian University ilipopima, vibao vikifungwa usiku vilipunguza joto linalotoka kwenye kioo kwa asilimia 51, na kioo cha pili kilichofungwa ndani, ambacho hakigusi dirisha la asili, kwa asilimia 63.

Tahadhari: rangi za zamani zina risasi. Usizipige msasa mkavu, hasa palipo na mtoto. Lowesha, kwangua, vaa barakoa.

Yaliyobaki

Ngazi ya pamoja, ambayo wenyeji huiita klosi, ikiwa na vigae vya kung'aa ukutani, ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, basi. Kigae kilicholegea kirudishwe chenyewe. Usitoboe vigae kupitisha waya wa intaneti.

Moto: hakuna tochi ya gesi juu ya paa la mbao za miaka 120 bila mtu wa kubaki akilinda baada ya kazi. Jengo la Glasgow School of Art liliungua 2014, likaungua tena 2018 likiwa katikati ya ukarabati. Na tangu Februari 2022 kila nyumba ya Scotland lazima iwe na ving'ora vya moto vilivyounganishwa.

Rangi ya sebule sasa. Chagua inayopitisha hewa, ya chokaa au ya madini, walau kwa kuta za nje.

Halafu nunueni faili moja la nyumba, lisiwe la mtu. Ndani yake wekeni picha za mvua, kumbukumbu za vikao, jina la machimbo ya jiwe mlilotumia, kipimo cha chokaa na mchanga ulitoka wapi, tarehe za kusafisha mifereji, na nani ana ufunguo wa mlango wa kwenda darini. Letu liko kwa jirani wa chini.